Kasi ya Kuazima: Kompyuta Iliyogoma Kuwaka Kilwa

"Dada, imekufa."

Ndivyo alivyonipokea mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, nilipoingia kwenye kibanda chake pale Kilwa Masoko. Hata habari za safari hakuniuliza. Alikuwa amekaa sakafuni, kompyuta imefunuliwa ubavu, bisibisi mkononi, jasho linamtiririka. Feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, lakini monita ni nyeusi tii. Hata ule mlio mmoja wa "bip" ambao kompyuta hutoa ikiamka, hakuna.

Kazi ya kijana huyu ni kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuhariri video za harusi. Kompyuta yake ni ya kuungaunga, yenye prosesa ya Core 2 Duo, zile zilizoingia sokoni mwaka 2006. Video moja ya harusi inaila usiku kucha. Akasikia kwa vijana wenzake kwamba prosesa inaweza kuongezwa kasi bila kununua nyingine. Akaongeza kidogo, ikakubali. Akafanya kazi nayo wiki tatu, mambo safi. Tamaa ikamwingia, akaongeza tena. Hapo ndipo ilipogoma.

Video ya watu ilikuwa humo ndani na mwenye harusi anaidai. Mwenzenu nikaingiwa na baridi kwa sababu nyingine. Katika zile wiki tatu nilimwachia kadi ya kinasa sauti changu anihamishie mazungumzo niliyofanya na wazee watatu wa Kilwa Kivinje kuhusu safari za majahazi. Akahamisha, kadi nikaifuta, nikaitumia kwa kazi nyingine. Mmoja wa wazee wale ametangulia mbele ya haki. Sauti yake ilikuwa ndani ya lile boksi, na nakala nyingine sina. Mwandishi wa habari mzima! Mnicheke tu.

Nitawaambia ilikuwaje. Lakini kwanza niwape historia, kwa sababu ugonjwa huu una historia ndefu, na sehemu yake inatuhusu sisi wenyewe Watanzania.

Alichofanya mdogo wangu mafundi wanakiita kuovakloki. Ndani ya kila kompyuta kuna saa, siyo ya kukuambia ni saa ngapi, bali ya kupiga mdundo. Fikiria mpiga ngoma. Kila anapopiga, prosesa inachukua hatua moja. Kwenye mashine ile mdundo wa mazabodi ni mara milioni 266 kwa sekunde, na prosesa inauzidisha mara 7. Piga hesabu: unapata kama gigahezi 1.86. Ukiharakisha ngoma ikafika milioni 333, mara 7, unapata 2.33. Hiyo ndiyo iliyokubali. Yeye akaipeleka 400, apate 2.8. Yaani mashine iliyoajiriwa kutembea, akaitaka ikimbie nusu zaidi ya mwendo wake.

Kwa nini inawezekana kabisa? Kwa sababu kiwandani huachwa akiba. Prosesa nyingi hukatwa kutoka sahani moja ya silikoni, halafu hupimwa. Zinazostahimili kasi kubwa huuzwa ghali, nyingine rahisi. Mtengenezaji anaandika kasi ambayo ana hakika itahimilika kwenye joto, kwenye vumbi, na baada ya miaka kadhaa ya kuchakaa. Mara nyingine soko linataka za bei nafuu tu, basi hata nzuri inabandikwa jina la chini. Anayeovakloki anakopa kutoka kwenye akiba ile. Na wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sasa turudi mwaka 1984. Mwaka ule IBM walitoa kompyuta iliyoitwa PC/AT, yenye prosesa ya Intel 80286 inayokwenda megahezi 6. Mdundo wake ulitoka kwenye kipande kidogo cha kioo cha kwatsi cha megahezi 12, ukagawanywa kwa mbili. Kioo chenyewe kilikuwa kimechomekwa tu kwenye soketi. Wajanja wakagundua kwamba ukichomoa kile cha 12 ukachomeka cha 16, prosesa inakwenda 8. Wengine wakafika 9. Gharama ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na bei ya mashine nzima.

IBM hawakufurahi. Matoleo ya baadaye ya mashine ile yalikuja na BIOS mpya, ile programu ya kwanza kuamka kabla ya nyingine zote. BIOS hiyo ilipima mwendo wa saa wakati wa kuwasha. Ikikuta kioo kimebadilishwa, inagoma. Haiwaki. Kwa hiyo kompyuta kugoma kuwaka baada ya kuovaklokiwa ni jambo lililoanza katikati ya miaka ya 1980, na lilianza kama amri ya makusudi ya mtengenezaji.

PC/AT hiyo hiyo ilileta kitu kingine ambacho kila fundi wa Kariakoo anakijua: kijikumbukumbu kinachoshikiliwa na betri, kinachoitwa CMOS, ambamo mipangilio ya mashine na tarehe hukaa hata umeme ukizimwa. Zamani ukitoa betri, DOS ilikuwa inaamka ikidhani leo ni tarehe 1 Januari 1980. Kumbukeni betri hiyo, tutairudia.

Miaka ya 1990 mchezo ukawa biashara, na biashara ikazaa matapeli. Walikuwepo wafanyabiashara waliofuta maandishi juu ya prosesa ya bei rahisi wakachapa ya kasi kubwa, kisha wakaiuza kwa bei ya kubwa. Mnunuzi anaondoka akichekelea, kumbe amebeba mashine iliyokwishakopeshwa. Mwisho wa muongo ule Intel wakaanza kukifunga kile kizidisho, ile "mara 7" yetu, kisiguswe. Mlango mmoja ukafungwa, wa mdundo wa mazabodi ukabaki wazi.

Tarehe 24 Agosti 1998 Intel walitoa prosesa kadhaa siku moja. Pentium II ya megahezi 450 iliuzwa kwa wafanyabiashara kwa dola 669. Celeron 300A ya megahezi 300 ilikuwa dola 149. Celeron ilizidisha mdundo wa 66 kwa 4.5. Vijana wakaupeleka mdundo 100, na Celeron nyingi zikakubali kwenda 450 bila kulalamika. Kwa bei ya chini ya robo, mtu anakaribiana na tajiri. Mwaka 2000 wakaja na kichekesho zaidi: prosesa za AMD zilizofungwa kizidisho zilifunguliwa kwa kuchora mistari midogo ya penseli juu yake, maana risasi ya penseli inapitisha umeme. Penseli ya shule ya msingi ikaifungua kazi ya wahandisi wa kiwanda kizima!

Nani asingevutiwa? Kijana wa Lindi au Kilwa ambaye kompyuta mpya kwake ni ndoto, ukimwambia kuna kasi imelala bure ndani ya boksi lake, ataamka usiku kuitafuta. Simlaumu hata kidogo.

Lakini deni lina riba, na riba yake ni joto. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, na hupanda zaidi ukiongeza volteji, kwa sababu volteji huhesabiwa ikizidishwa kwa yenyewe. Mdogo wangu aliona 400 inasuasua, akapandisha volteji kutoka 1.3 hadi 1.45. Zidisha mwenyewe: joto linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Feni ni ile ile. Na feni haitengenezi baridi, inasukuma tu hewa iliyopo. Hewa ya Kilwa mchana wa Januari inakuwa nyuzi 30 na zaidi, na imebeba chumvi ya bahari inayokula pini za shaba taratibu. Wanaoweka rekodi za dunia humwaga heliamu ya maji juu ya prosesa. Mwishoni mwa 2022 ndivyo walivyovuka gigahezi 9. Sisi tulikuwa na feni ya mezani na dirisha lililotazama bahari.

Haya, tulifanyaje?

Kwanza tulichomoa waya ukutani. Fundi mwenye haraka huanza kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, akidhani mashine itamwonea huruma. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa waya ukiwa umechomolewa, ili umeme uliobaki ndani uishe. Tukaachia kwanza jazba, maana na sisi tulikuwa na umeme uliobaki ndani.

Pili, tukatoa hadidiski tukaiweka kando juu ya kanga. Hiyo ndiyo sheria ambayo ningependa muisome mara mbili. Kama kuna kitu cha thamani ndani ya mashine, kitoe kabla hujaanza majaribio. Prosesa inanunuliwa. Sauti ya marehemu hainunuliwi.

Tatu, tukapunguza kila kisicho lazima: kisoma CD, kadi ya sauti, kijiti kimoja cha RAM. Ukibaki na mazabodi, prosesa, kijiti kimoja cha RAM na monita, orodha ya watuhumiwa inakuwa fupi. Tukakagua zile kapasita ndogo zinazofanana na mapipa. Kapasita mbovu ziliua mazabodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mbovu inajulikana, kichwa chake kinavimba. Zetu zilikuwa bapa.

Nne ndiyo betri. Mipangilio ya mwendo mpya ilikuwa imehifadhiwa kwenye CMOS, kwa hiyo kila mashine ilipoamka ilisoma amri ile ile iliyoiangusha, ikaanguka tena. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inatii. Tukaitoa ile betri ya CR2032 iliyo kama sarafu, tukahamisha na jampa ya kufutia kutoka pini mbili za kwanza kwenda mbili za pili, tukahesabu taratibu, tukairudisha. Kisha tukaenda kunywa chai.

Wakati chai inapoa nikawa nawaza habari ya Hazina.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, ya kampuni ya Uingereza. Kufika 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Serikali ilikuwa imejaribu kuzipa mashine hizo kazi nzito ya hesabu za taifa zima, na mpango ukafeli. Wataalamu walikuwa wachache mno, maandalizi hafifu, mashine zinaharibika, fedha nyingi zikapotea. Serikali ikarudi kwenye mashine za hesabu za zamani. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, na televisheni pia. Aliyetaka kompyuta ilibidi aombe kibali maalumu kupitia kamati.

Tuwe wakweli, mwaka ule ulikuwa mgumu. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mara nne, ukame umepiga, fedha za kigeni hakuna. Ukiwa na dola chache na watoto wana njaa, kompyuta inayogoma ni kitu cha mwisho kuihurumia. Ila tazama matokeo. Masharti yalianza kulegea miaka ya 1980, na bara hatukuona kituo cha televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973. Kasoro ya mradi mmoja wa hesabu ikageuka kuwa miaka ya vijana wasioiona kompyuta. Mashine ilipewa mzigo uliozidi watu waliopo kuihudumia, ikaanguka, na dawa ikawa kuufunga mlango.

Na mwaka huo huo wa 1974, karibu kabisa na hapa tulipokuwa tunakunywa chai, kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi kisiwani Songo Songo, wilaya ya Kilwa. Gesi hiyo ilisubiri miaka 30. Ilifika Ubungo kuzalisha umeme mwaka 2004, kwa bomba linalopita chini ya bahari hadi Somanga na kuendelea Dar es Salaam. Yaani mwaka tuliofukuza kompyuta ndio mwaka tuliopata nishati ya kuziwasha. Historia nayo ina utani wake.

Njia nyingine ipo, na mfano wake mzuri uko ng'ambo ya mkono wa bahari kutoka Masoko, mwendo mfupi wa mashua. Nausema Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, aliupanua msikiti wa zamani mara kadhaa ya ukubwa wake. Paa likabebwa na nguzo, kila moja imechongwa kutoka kipande kimoja cha jiwe la matumbawe. Zilipendeza, lakini hazikuhimili. Sehemu ile ikaporomoka, ikakaa gofu kwa miongo mingi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, Sultani Sulaiman bin Muhammad akaijenga upya. Safari hii mafundi waliachana na zile nguzo za kipande kimoja, wakajenga za pembe nane kwa mawe na chokaa. Ndizo unazoziona leo ukienda, miaka 600 baadaye, kwenye eneo ambalo UNESCO iliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981.

Hawakusema misikiti mikubwa ni haramu kwa Kilwa. Hawakuzirudisha nguzo zile zile wakiomba Mungu. Walitafuta kilichoelemewa, wakakibadilisha. Hapo ndipo ninapowaheshimu mafundi wa Kilwa kuliko kamati yoyote.

Chai ikaisha. Tukarudisha waya, mdogo wangu akasema bismillahi, akabonyeza.

Bip.

Niliona mtu mzima akirukaruka kama mtoto wa chekechea. Mashine ilikuwa imerudi 266, polepole kama zamani, na saa yake imerudi nyuma miaka mingi. Ingekuwa hadithi tamu kama ningeishia hapa.

Kabla ya kuirudisha hadidiski, nilimwomba tuiache mashine usiku kucha ikiendesha MemTest86, programu inayoandika na kusoma RAM mara nyingi kutafuta makosa. Kwenye 266, kosa hata moja hakuna. Asubuhi tukaipeleka 333, ile kasi ya wiki tatu, ile "iliyokubali". Haikupita robo saa skrini ikaanza kuonyesha mistari myekundu. Sababu ilikuwa wazi tukisoma karatasi iliyobandikwa kwenye RAM yenyewe: ilitengenezwa kwa mdundo wa 266. Ngoma ilipoharakishwa, prosesa iliweza kuifuata, RAM haikuweza. Ikawa inakosea kimyakimya, na kila faili lililopita humo lingeweza kutoka na jeraha.

Tukaichomeka hadidiski. Video ya harusi ilifunguka, ina mikwaruzo miwili mitatu ambayo bibi harusi hataiona. Wazee wawili wa Kivinje walisikika vizuri. Wa tatu, marehemu, alisikika hadi dakika ya kumi na moja, anaelezea wanavyongoja kaskazi ianze kuvuma. Kisha mkwaruzo. Kisha kimya. Kilichobaki cha faili hakikufunguka tena, na nimekwishajaribu kila fundi ninayemjua.

Kwa hiyo siku ile mashine ilipogoma kuwaka haikutudhuru chochote. Ilitusimamisha. Madhara yalikwishafanyika katika zile wiki tatu ilipokuwa inawaka vizuri na sisi tunaisifu. Na msidhani ni ushamba wa Kilwa. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba prosesa zao kubwa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinajiitishia volteji kupita kiasi na kuharibika. Walitoa marekebisho, wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Mashine nyingi katika hizo zilikuwa zinawaka kila asubuhi, zinakosea mchana.

Mdogo wangu amerudi 266. Anasema akipata pesa atanunua RAM inayofaa na feni kubwa, halafu ataongeza tena, hatua ndogondogo, akipima kila hatua usiku mzima. Sikumkataza. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba kazi za watu zisiingie humo hadi kipimo kiwe safi.

Mimi nimenunua kadi ya pili. Na wiki ijayo nakwenda tena Kivinje, kwa wale wazee wawili waliobaki.